Taji Lililoundiwa Ngoma

Wanaoingia stoo ya makumbusho yetu huvutwa kwanza na ubao wa mbele wa taji, na wana haki. Umechongwa kwa mti mgumu, ukapakwa rangi nyeusi, nyekundu na buluu-kijani, kisha ukazungushiwa njumu za gamba la abaloni. Katikati amekaa kunguru, tai, mbwa mwitu au nyangumi muuaji. Ni nembo ya ukoo, na Mtsimshian, mwenyeji wa pwani ya British Columbia na Alaska, huirithi kwa upande wa mama. Havai nembo kwa kuipenda tu.

Mimi ninayevihifadhi vitu hivi hutazama kwanza juu na nyuma. Amhalaayt, taji la machifu wa pwani hiyo, liliundiwa ngoma. Juu yake husimama masharubu ya simba-bahari, na ndani ya duara lao hujazwa vinyoya laini vya tai. Mchezaji akitikisa kichwa, vinyoya hupaa na kuwashukia waliohudhuria, ishara ya amani. Mgongoni huteremka ngozi nyeupe za ermini, mnyama wa jamii ya kicheche, zikiyumba kwa kila hatua, na gamba humetameta kwa mwanga wa moto.

Ndiyo maana nikikuta kinyoya kimenasa kwenye mashina ya masharubu, sikiondoi pamoja na vumbi. Hicho ni alama ya ngoma yenyewe. Canada ilipiga marufuku sherehe za potlachi, ambamo mataji kama haya huchezwa, kuanzia 1885 hadi 1951, na katika miaka hiyo vitu vingi vya sherehe viliwatoka wenyewe.

Kinachoniuma ni sumu. Zamani makumbusho mengi yalipaka ngozi na manyoya aseniki au zebaki ili wadudu wasiyale. Leo ukoo ukirudishiwa taji lake, anayelivaa hutokwa jasho, na ngozi zile humgusa shingo na mabega. Kwa hiyo kabla taji halijatoka mimi hulipima kwa mashine ya eksirei, sehemu kwa sehemu, nikawaeleza wenyewe bila kuficha sumu iko wapi na ni kali kiasi gani. Uamuzi ni wao. Wakiniuliza maoni yangu, mimi husema: ubao ukionekana salama, ushonewe ngozi mpya za ermini, utiwe vinyoya vipya, uchezwe. Zile kuukuu zenye sumu tutazitunza kando, kwa jina la ukoo.