Seremala na Mlango wa Kijidudu

Baba yangu mdogo ni seremala wa vitanda huko Ndeeba, hapa Kampala. Mwaka juzi alishikwa na kikohozi. Kwa majuma sita alinunua dukani vidonge vya jamii ya penisilini, akavimeza, wala hakupata nafuu. Akazidi kukonda, na usiku akalowa jasho. Mwishowe tulimpeleka hospitali, makohozi yakapimwa, ikaonekana kuwa ni kifua kikuu.

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma, hebu niambie. Dawa hii iliniponya kidonda cha mguu. Mbona imeshindwa na kifua?" Nikanyamaza, kwa maana sikujua. Niliona haya, nikaenda maktaba.

Huko nikasoma ya kuwa penisilini huua bakteria kwa kuwazuia wasijenge ukuta wao. Lakini bakteria wa kifua kikuu wana kimeng'enya kiitwacho BlaC, kikaacho nje ya utando wa seli, karibu na ukuta huo. Hicho huivunja penisilini kabla haijafanya kazi yake. Basi, ikiwa kimeng'enya hicho hutengenezwa ndani, hutokaje nje?

Hapo ndipo penye ajabu. Protini ni mnyororo wa asidi za amino uliokunjwa ukapata umbo. Protini nyingi hutoka kwa njia iitwayo Sec zikiwa bado kama uzi, kisha hukunjika huko nje. Ni kama kitanda kinachofunguliwa vipande ili kipite mlango mwembamba, kikaungwa uani. BlaC hakipiti huko. Hupita mlango wa pili, uitwao Tat, upitishao protini iliyokwisha kukunjwa, mfano wa kitanda kizima kilichopigwa gundi. Protini ya namna hii ina alama mwanzoni mwake: arginini mbili zinazofuatana. TatB na TatC huitambua alama hiyo, ndipo TatA nyingi hukusanyika kuifanyia njia. Nguvu ya kuipitisha hutokana na tofauti ya protoni kati ya nje na ndani. Na jambo gumu ni kwamba mzigo mkubwa hivyo hupita, na seli isivuje.

Nilipomweleza, baba mdogo alicheka hata akakohoa. "Kumbe naye ni fundi!" akasema.

Alimeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, bila kukosa hata siku moja. Zamani matibabu yalikuwa marefu zaidi. Majaribio yaliyofanywa Afrika ya Mashariki na kutangazwa mwaka 1972 ndiyo yaliyosaidia kuonyesha kuwa miezi sita yaweza kutosha. Sasa amepona, amerudia randa yake. Lakini mwanawe mdogo alikuwa amekwisha kuambukizwa, naye ikambidi atibiwe.

Ndugu wasomaji, mtu wa nyumbani kwenu akikohoa majuma mawili, msimpeleke dukani. Mpelekeni akapimwe makohozi. Mimi nilijifunza habari za mlango ule baada ya majuma sita kupotea.