Video ya Kwaya na Mkia wa Kiungo

Mwaka wa 2008, video ya YouTube iliyopachikwa kwenye tovuti ilikaa ndani ya kisanduku cha pikseli 425 kwa 344. Picha yenyewe ilikuwa 320 kwa 240 tu, imevutwa ijaze nafasi. Sijavisahau vipimo hivyo. Nilikuwa nikitengenezea makanisa na shule tovuti kutoka saiba moja karibu na soko la Murang'a, na kila mteja alikuwa na swali lile lile: mbona kwenye DVD tunaonekana vizuri, na hapa nyuso zimekuwa kama rangi iliyonyeshewa?

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenibana zaidi, na wala shida yake haikuwa picha. Aliinamia spika ndogo za kompyuta akasikiliza wimbo mzima, kisha akanyanyuka polepole. "Kijana wangu, sauti ya kwanza wanaimba kumi na wawili. Hapa nasikia mtu mmoja."

"Ni kweli, mwalimu," nikamwambia. "Zimebanwa."

Video za wakati ule zilibeba sauti ya mono iliyopunguzwa uzito, na kwaya haivumilii jambo hilo. Picha mbovu macho huisamehe. Sauti nne zikibandikwa pamoja, hakuna tena wimbo.

Dawa ilikuwapo. Mwaka huo huo YouTube walikuwa wameanza kuweka nakala bora ya video nyingi: pikseli 480 kwa 360, kodeki ya H.264, sauti ya stereo. Tatizo ni kwamba video iliyopachikwa kwenye tovuti ya mtu mwingine iliendelea kuvuta nakala nyepesi. Watengeneza tovuti duniani kote wakapokezana siri: mwishoni mwa kiungo ongeza &fmt=18. Kwa video ya kupachikwa mkia ulikuwa mrefu zaidi, &ap=%2526fmt%3D18, na uliandikwa mara mbili, kwa sababu Internet Explorer ilisoma mstari mmoja wa msimbo na Firefox ikasoma mwingine. Niliuandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha katoni nikakibandika kando ya skrini. Wateja wa saiba walidhani ni namba ya siri ya mtandao.

Mwalimu alipozisikia sauti zake zikiachana, moja kushoto na nyingine kulia, alicheka peke yake. Ila nakala bora ni nakala nzito, na intaneti yetu ilikuja kwa dishi la setilaiti lililokuwa juu ya paa. Setilaiti hizo huning'inia kilomita 36,000 kutoka ardhini, na data yote ya Kenya wakati huo ilipitia huko juu kuingia au kutoka nchini. Mawingu yakishuka kutoka Nyandarua alasiri za Aprili, hata barua pepe iligoma. Basi video ilicheza, ikasimama, ikacheza. Kawaida yetu ilikuwa kubonyeza isimame, kwenda kunywa chai, na kurudi mstari wa kupakia ukishajaa. Nilikuwa nimewapa ubora ambao njia haikuweza kuubeba.

Kilichobadilisha mambo kilitoka baharini. Mwaka wa 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, na mnamo Julai kebo nyingine, SEACOM, ikawashwa. Saiba haikusikia tofauti siku hiyo wala wiki hiyo. Kupanda milima hadi kwetu kulichukua muda. Lakini mwaka wa 2010, Makmende, shujaa wa video ya bendi ya Just a Band, alipovuma, vijana waliitazama video ile mwanzo hadi mwisho bila mtu kuinuka kwenda kutafuta chai. Mwaka uliofuata Google wakaweka seva zao hapa nchini, kwa hiyo video iliyopendwa haikulazimika tena kuvuka bahari kila inapobonyezwa. Ripoti ya Internet Society ya 2012 ilieleza kwamba kubadilishana data humu humu nchini, kupitia kituo cha KIXP, kulishusha ucheleweshaji kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Katoni yangu haikuwahi kufanya kazi ya namna hiyo.

Mikia iliendelea kubadilika. Ikaja hd=1, kisha vq=hd720. Flash, programu iliyokuwa ikichezesha video hizo, ikazeeka, ikafungwa rasmi mwishoni mwa 2020. Kabla ya hapo, mwaka wa 2019, YouTube walikuwa wamewanyang'anya watengeneza tovuti uwezo wa kuchagua ubora. Sasa kichezeshi hujipimia kasi ya mtandao na ukubwa wa kisanduku. Wenzangu walinung'unika. Mimi naona kisanduku kipana kinatosha. Ukipachika video kwenye kipimo cha stempu, usitegemee mashine ikuletee 720.

Kisha corona. Machi 2020 mikusanyiko ilipigwa marufuku, na mazishi yakabaki ya watu wachache. Nikaanza kurusha ibada za mazishi moja kwa moja kutoka miteremko ya Kangema, simu mbili za laini tofauti mfukoni, nikitafuta upande wenye mnara. Jamaa walioko Lowell, Massachusetts, walitazama kwenye televisheni kubwa wakataka picha kali zaidi. Shangazi yangu, aliyekuwa kilomita chache tu kutoka kaburini, aliishusha hadi 144. Saa moja ya 720 hula karibu gigabaiti nzima, na bando lake lilikuwa la siku.

"Watu nawajua sura," aliniambia kwenye simu. "Nataka kusikia pasta anasema nini."

Kwa hiyo pesa ya vifaa niliyoipata baadaye haikwenda kwenye kamera. Nilinunua maikrofoni mbili zisizo na waya, moja ya mhubiri, nyingine ya kwaya, na sifongo za kuzuia upepo, maana kule Kangema upepo nao huimba.