Kuhusu Kadi ya Bosi Wako

Moshi, Jumapili jioni

Mpwa wangu Neema,

Mkazamjomba wako anasema ndizi ulizoagiza zitakuja na basi la Ijumaa, na kwamba ukizipokea umpigie yeye, si mimi. Goti langu linanung'unika kila ninapopanda mwinuko, lakini halijanifukuza uwanjani.

Ujumbe wako nimeusoma, nikacheka, kisha nikaurudia bila kucheka. Unasema kwenye mashindano ya gofu ya ofisi ulipangwa kundi moja na bosi wako, ukapewa kadi yake uiandike. Kwenye shimo la mikwaju minne ukahesabu saba, yeye akasema tano, kwa sauti ya mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Unauliza ulitakiwa ufanye nini. Hukuniambia kama mwishoni ulitia saini, nami sikuulizi.

Ondoa kwanza wasiwasi kwamba huenda uliona vibaya. Wewe ni mtu wa hesabu; saba na tano huzichanganyi. Na kuhesabu ndiyo kazi uliyopewa. Mpira wa miguu una refa, wasaidizi wake na kamera, na bado watu wanajiangusha kwenye boksi. Gofu haina mtu wa kukufuata na filimbi. Kanuni za kwanza zinazojulikana ziliandikwa Leith, Uskoti, mwaka 1744, zikiwa 13 tu. Leo kitabu cha R&A na USGA, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, ni kinene, lakini ulinzi wa kadi bado uko kwa watu wawili: mchezaji, anayewajibika kwa namba ya kila shimo, na yule anayemwandikia, anayethibitisha. Usipokubaliana na namba, huna lazima ya kutia saini. Unaipeleka kamati, kamati inaamua. Ila ukijua kabisa kwamba namba ni ya uongo na ukatia saini, sheria inasema na wewe unastahili kuondolewa mashindanoni. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani saini yao ni adabu tu, kama kusaini kitabu cha wageni.

Kuna kisa ambacho kila mwandika kadi angepaswa kukijua. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza siku ya mwisho kama mtu aliyeota usiku mashimo yote yalivyo. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, akitimiza miaka 45. Shimo la 17 alilimaliza kwa mikwaju mitatu mbele ya umati na televisheni. Mwenzake Tommy Aaron, aliyekuwa akimwandikia kadi, akaandika nne. De Vicenzo, akili ikiwa bado kwenye shimo la 18 alilokuwa ameliharibu, akatia saini bila kuikagua. Sheria ilikuwa, na bado ni, kwamba ukisaini namba kubwa kuliko uliyopiga, hiyo kubwa ndiyo yako; ukisaini ndogo, unatolewa. Kwa hiyo 65 ikawa 66, na badala ya kurudiana na Bob Goalby kesho yake, akawa wa pili. Aaron hakukusudia kumdhuru, na De Vicenzo hakumlaumu, alijilaumu mwenyewe. Watu wakisimulia kisa hiki huwa wanasikitikia ukali wa sheria. Mimi huwa namfikiria Aaron, aliyeandika namba moja bila kuiuliza kwa sauti.

Sasa najua utasema: Mjomba, De Vicenzo hakuwa akimwandikia Tommy Aaron tathmini ya mwaka.

Kweli. Kwa hiyo nikupe njia tunayotumia sisi tusiopenda ugomvi. Usisubiri hadi mezani kwenye soda na nyama choma, kadi zinapokusanywa na kila mtu ameshakuwa mwanasheria. Uliza papo hapo, mnapotoka kwenye grini, pale penye shimo, kabla hamjafika tii, pa kuanzia shimo linalofuata. Na usimwambie "umekosea". Mwambie, "Mzee, tuhesabu pamoja nisije nikakuandikia vibaya." Kisha utaje mikwaju kwa mahali pake: wa kwanza ule uliokwenda kushoto, wa pili wa kutoka kwenye majani, wa tatu ukagonga mti, wa nne ukaingia mchangani, wa tano ukatoka, miwili ya kwenye grini. Mtu akitajiwa safari ya mpira wake hatua kwa hatua, kusema tano kunakuwa kugumu. Wengi watasema, "Ah, ule wa kwenye mti nilikuwa nimeusahau," na huenda ni kweli. Aliyepiga saba huwa amechanganyikiwa. Hasira inameza mkwaju mmoja au miwili. Mwachie mlango huo atoke nao. Akishikilia tano yake baada ya hapo, hamna tena suala la kusahau, na hiyo kadi iende kamati bila saini yako. Kama ofisi itakuchukia kwa hilo, afadhali uwe umeijua ofisi hiyo ukiwa bado kijana.

Usidhani namhukumu sana huyo bwana. Gofu ni mchezo wa kudhalilisha watu wazima. Mtu anaongoza idara nzima, akisema neno watu wanasimama, halafu Jumamosi asubuhi anasimama juu ya mpira ambao umetulia, haukimbii, hakuna anayemkaba, na anaukosa. Au anaupata vizuri mno, mita mia mbili katikati ya njia, halafu kutoka hapo hadi shimoni anatumia mikwaju sita. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu. Utakuta siku mpira unazunguka mdomo wa shimo na kutoka, na siku nyingine unapiga vibaya, unagonga jiwe, unarudi njiani, na unapongezwa. Wala hakuna wa kumlaumu, na watu waliozoea kuwa na wa kumlaumu ndio wanaoteseka zaidi.

Halafu kuna mkwaju mmoja. Utakuwa umeshaupata, ndiyo maana unaniandikia. Ule ambao mikono haisikii chochote, mpira unaondoka kabla hujajua umepiga, unapanda, unasimama hewani kidogo, unashuka pale ulipokuwa ukitazama. Huku kwetu, asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi, unauona mpira mweupe ukipita juu ya theluji kabla ya kuangukia kijani. Mkwaju huo mmoja unalipia mingine yote ya siku hiyo, na ndio unaomfanya mtu na akili zake aamke saa kumi na moja Jumamosi ijayo.

Majaribu makubwa hayako kwenye kuhesabu, yako kwenye kutafuta. Mpira umeingia vichakani. Tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019 una dakika tatu za kuutafuta, zamani zilikuwa tano. Zikiisha, umepotea: unarudi ulikopiga, na unaongeza mkwaju wa adhabu. Kwa hiyo ukihisi umepotea, tangaza kabisa kwamba unapiga mpira wa muda kabla hujaondoka hapo. Usipotamka, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako, na adhabu juu. Kilabu kinaweza pia kuweka kanuni ya ndani, isiyotumika kwenye mashindano ya wataalamu, ya kukuruhusu kuangusha mpira karibu na ulikopotelea kwa adhabu ya mikwaju miwili, ili Jumamosi ya watu isiishe kwa kurudi nyuma. Soma ubao wa kilabu kabla hujaanza. Kule Jinja, Uganda, karibu na Mto Nile, kilabu kilijulikana kwa kanuni yake ya kiboko: mpira ukitua kwenye alama ya mguu wake, unautoa bila adhabu. Nyinyi Dar mna kunguru. Ikijulikana au ikiwa karibu na hakika kwamba kunguru kabeba mpira, unauweka mwingine pale ulipokuwa, bure. Karibu na hakika, Neema. Kunguru wa Dar wana dhambi nyingi, lakini hawajaiba mipira yote wanayosingiziwa.

Na kuna wizi wa handikapu (mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake), ambao naona ni mbaya kuliko wa bosi wako, kwa kuwa unafanywa kwa utulivu. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unachukua wastani wa alama zako 8 bora kati ya 20 za mwisho. Ni hesabu nzuri, lakini inakula inacholishwa. Mwenye majivuno anapeleka siku zake nzuri tu, anapata handikapu ndogo ya kutambia, kisha kila mashindano anaaibika. Huyo namwonea huruma. Mwingine anaficha siku nzuri, anabaki na handikapu kubwa, na siku kampuni ikileta televisheni ya zawadi anacheza kama malaika. Utawajua haraka. Makofi wanayopigiwa huwa ya vidole viwili.

Sasa nikwambie jambo ambalo sheria hazilisemi na ndilo linalonikera kuliko yote. Wazungu wanapenda kusema gofu inapima uaminifu wako ukiwa peke yako, wakakupa mfano wa Bobby Jones, aliyejipa adhabu mwaka 1925 kwenye US Open kwa mpira uliosogea bila mtu mwingine kuuona, na akakosa ubingwa. Mfano mzuri. Lakini hapa kwetu nani anacheza peke yake? Una kedi, mbeba fimbo zako. Yeye ndiye aliyeuona mpira ulipoangukia, ndiye aliyefika kwanza, na ndiye anayejua ulikuwa nyuma ya mzizi kabla "haujapatikana" mahali pazuri. Anategemea malipo ya siku na hiyo bahashishi yako. Ukimtazama kwa jicho fulani, mpira utapatikana. Ukinyamaza ukauchukua, umemkabidhi uongo wako aubebe pamoja na mfuko wa fimbo, na huo hutaulipia. Mwenzio akimuuliza, itabidi akulinde wewe au apoteze kazi ya Jumamosi.

Nimeona kijana mzuri, mwenye mkono wa kucheza kuliko wengi wetu tunaomlipa, akiulizwa mbele ya watu, "Si ulikuwa hapa huu mpira?" Akatazama nyasi. Akasema, "Ndiyo, mzee." Aliyeuliza alilipa vizuri siku hiyo.

Kwa hiyo kabla hujapiga mkwaju wa kwanza, mwambie kedi wako waziwazi: ukiukuta mpira wangu pabaya, uache pabaya, uniite. Mwambie hivyo wenzako wakisikia. Utaona anavyobadilika, ataanza kukushauri kwa ukweli, atakwambia fimbo uliyoshika ni ndogo, atakwambia grini inavyoteremka. Wangu huwa ananiambia kila mpira hapa unaukimbia mlima, hata macho yakikudanganya vingine, na mara nyingi anapatia. Usidhani pia wao hawaandiki kadi zao. Bandani kwao kila mchezaji ana jina. Kuna bwana mmoja huku wanamwita Fundi Viatu, kwa jinsi mguu wake unavyosaidia mpira kutoka kwenye majani. Mwenyewe anaamini wanasifia viatu vyake vya ngozi.

Hao wa kilabu watakaokwambia "aah, ni mchezo tu wa kujifurahisha" usiwabishie sana. Mkiwa mnacheza kirafiki, mkakubaliana wote kurudia mkwaju wa kwanza, au kupeana mpira uliobaki inchi chache, sina neno. Mmekubaliana. Kwenye mchezo wa shimo kwa shimo hata sheria inaruhusu kumpa mwenzako mkwaju uliobaki. Kwenye kuhesabu mikwaju hairuhusu: hata ukibaki umbali wa kidole, piga uingie. Nimeona mipira ya kidole ikikosa, na siyo ya wageni wa mchezo.

Desemba nashuka Dar kwa ile harusi, na siku mbili kabla nataka tucheze Lugalo asubuhi, kabla ya jua. Ulizia nafasi mapema. Usinunue fimbo mpya kwa sasa. Sheria inakuruhusu kubeba 14, lakini kwa umri wako wa mchezo saba zinakutosha, na mkazamjomba wako ana seti nyepesi anayoitumia mara chache. Glavu ndiyo nunua, au niandikie saizi ya mkono wako wa kushoto nikuletee, maana unaniambia unatumia ya kaka yako na ndiyo maana fimbo inakuzunguka mkononi.

Msalimie mama yako. Mwambie ile hati ya shamba nimeipata.

Mjomba wako