Tairi Moja, Njia Mbili

Ndugu msomaji, panda baiskeli yako. Leo tunasafiri katika Mkoa wa Shinyanga. Tunatoka mjini na kushika barabara kuu iendayo Mwanza. Baadaye tutaiacha lami na kuingia njia za vijijini, wilayani Kishapu. Ukiwa njiani, tazama chini. Tazama tairi lako linakanyaga nini. Tairi lisilofaa humaliza nguvu na fedha zako. Tena baiskeli hiyo ndiyo inayobeba madumu ya maji. Ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati. Ikikwama porini, mgonjwa naye amekwama.

JUU YA LAMI

Tunapita Kolandoto, tunakwenda Maganzo. Hapa ndipo penye njia ya Mwadui, ambako almasi ziligunduliwa mwaka 1940.

Sikiliza tairi lenye kashata kubwa. Linavuma. Unakanyaga pedali kwa nguvu, lakini mwendo ni mdogo. Lami nayo inazisaga kashata hizo, zinaisha upesi. Tairi jembamba lenye kashata ndogo hukimbia vizuri hapa, likijazwa upepo wa kutosha.

Lakini jihadhari. Mabasi na malori hupita kwa kasi. Ukilazimika kushuka pembeni ghafla, ukingo wa lami unaweza kulikata tairi au kukuangusha.

NJE YA LAMI

Sasa tunaingia njia ya kijijini. Kwenye miinuko ya Usukuma kuna udongo wa kichanga. Wasukuma huuita luseni. Tairi jembamba huzama humo na usukani huyumba. Tairi pana hupita juu ya mchanga kwa urahisi zaidi.

Kuna miiba pia. Mbigili hulala njiani na kusubiri. Tairi kipara ni jembamba, mwiba hupenya mara moja. Ukipata pancha, usiweke tyubu haraka. Kwanza pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, utafute mwiba uliobaki. Usipoutoa, utatoboa tyubu tena.

Tukishuka bondeni tunakuta mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi ni mgumu na una nyufa. Mvua ikinyesha hugeuka tope linalonata. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo hata tairi zuri halitakusaidia. Shuka, toa tope kwa kijiti, sukuma baiskeli. Kama kuna njia ya kuzunguka juu, ifuate.

UCHAGUE LIPI?

Pima safari zako za wiki nzima. Je, unakwenda mjini kila siku kwa lami? Chagua tairi lenye kashata ndogo. Je, siku nyingi unapita kwenye mchanga na makorongo? Chagua tairi pana lenye kashata kubwa.

Kama unapita njia zote mbili, chagua tairi la kati. Kashata zake za katikati ziwe zimeshikana kama mstari. Mstari huo ndio utakaokimbia juu ya lami. Kashata za pembeni ziwe zimeachana. Hizo ndizo zitakazoshika udongo. Hakikisha pia kwamba tairi halitagusa fremu wala madigadi. Acha nafasi ya tope kupita.

SOMA UBAVU WA TAIRI

Hapa kusoma kwako kutakuokoa. Ubavuni mwa tairi kuna namba. Tairi moja limeandikwa 26 x 1 3/8. Jingine limeandikwa 26 x 1.95. Yote mawili yana 26, lakini hayaingii kwenye ringi moja. Mtu asiyesoma namba yote hununua, akafika nyumbani na hasara.

Tafuta namba nyingine yenye kistari katikati. Tairi la 26 x 1 3/8 huandikwa 37-590. Tairi la baiskeli kubwa ya 28 x 1 1/2 huandikwa 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni kipimo cha ringi. Namba ya pili ya tairi jipya lazima ilingane na ya tairi la zamani. Iandike kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

UPEPO NA MZIGO

Juu ya lami, au ukiwa na mzigo, jaza upepo vizuri. Lakini usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kwenye mchanga mwingi, punguza kidogo. Usipunguze mno. Ringi itaibana tyubu kwenye jiwe na kutoboa matundu mawili, kama meno ya nyoka. Ukirudi kwenye lami, piga pampu tena.

Tairi la nyuma huisha mapema kwa sababu ya mzigo. Usilihamishie mbele likiwa kipara. Gurudumu la mbele likiteleza, utaanguka.

Ndugu msomaji, muuzaji atakusifia kila tairi. Yeye haijui njia ya kwenu. Wewe unaijua. Basi ukifika dukani, toa karatasi yako, soma namba, pinda tairi utazame kama lina nyufa. Ukiridhika, ndipo utoe fedha.