Ndagala Hawana Kosa

Kazi ya ualimu ina makosa ya aina mbili: yale ya wanafunzi, ambayo huonekana daftarini, na yale ya mwalimu, ambayo mara nyingi hayaonekani mpaka mtu mwingine aje kuyaonyesha. Tungependa kuwasimulia walimu wenzetu, pamoja na wale wanaojifunza Kiswahili, kosa moja la aina hii ya pili tulilolitenda sisi wenyewe katika makazi ya Dzaleka, nchini Malawi.

Tuliwapa wanafunzi insha juu ya chakula cha nyumbani kwao. Msichana mmoja akaandika kwamba babu yake alikuwa mvuvi wa ndagala. Tukalikata neno hilo kwa wino mwekundu na juu yake tukaandika "dagaa". Kesho yake babu mwenyewe, mzee aliyezaliwa Rumonge, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, alifika darasani na daftari mkononi. Alitusalimu kwa adabu, kisha akauliza: "Mwalimu, hawa ndagala wamekosa nini hata wakapigwa mstari?"

Tulimweleza habari za Kiswahili sanifu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Haya, Mwalimu, ninyi ndio mliosoma." Akaondoka. Heshima ile ilituuma kuliko ambavyo ukali ungetuuma.

Kwa msomaji asiyeijua Dzaleka, yafaa tueleze kwamba iko katika Wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 50,000, walio wengi wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Miongoni mwa wazee wapo waliolelewa kando ya Ziwa Tanganyika, lakini wajukuu wao waliozaliwa hapa wamo ambao hawajapata kuona ziwa lolote. Samaki wanamjua akiwa mkavu, amepimwa kwa kopo sokoni. Pengine neno lile tulilolikata ndilo urithi pekee wa ziwa aliokuwa nao binti yule.

Baada ya siku chache tulimwendea mzee nyumbani kwake kumtaka radhi. Alitukaribisha kiti, na mazungumzo yakafika usiku. Alitueleza jinsi walivyovua kwa taa katika usiku wa giza, samaki wakiufuata mwanga, na jinsi mwezi mpevu ulipowazuia, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Siku hizo wavuvi walikaa pwani wakishona nyavu. "Ziwa lilikuwa na likizo yake kila mwezi," alisema, "na hakuna aliyeulalamikia mwezi. Lakini zilipokuja nyavu za matundu madogo, zikakokota hata watoto wa samaki ukingoni, serikali ikaleta amri. Amri ile ilikuja kwa maneno ambayo sisi hatukuyafahamu. Mtu atashikaje neno asilolijua?"

Swali hilo tulikwenda nalo Lilongwe tulipopata ruhusa ya kutoka makazini. Katika soko la samaki tuliwakuta akina mama wamepanga usipa, utaka na chambo. Tulipouliza bei ya chambo, mama mmoja alicheka akasema kwamba zamani kilikuwa chakula cha kila nyumba, na sasa ni chakula cha wageni. Hapo ndipo tulipoanza kuchunguza habari za Ziwa Malombe.

Malombe ni ziwa dogo kusini mwa Ziwa Malawi, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 390 na kina cha mita chache tu. Mto Shire, ukisha kutoka Ziwa Malawi, hupitia humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavuvi walitoa humo maelfu ya tani za chambo kila mwaka. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990 yalibaki mamia machache. Sababu haikuwa fumbo. Chambo jike hubeba mayai yake kinywani, na hata yakianguliwa huendelea kuwalinda watoto humo humo mpaka waweze kujitegemea. Amvuaye mama wakati huo amevua na kizazi chake. Watoto wakiachwa huru hujificha katika majani ya majini, na majani hayo yaling'olewa na nyavu za kukokota. Uliposhamiri wavu uitwao nkacha, wenye matundu madogo, unaozungushwa na mitumbwi huku mzamiaji akishuka kuufunga kwa chini, samaki wadogo nao hawakupata pa kukimbilia. Chambo walipoadimika, wavuvi waliwageukia kambuzi, samaki wadogo zaidi. Wala hatuwezi kuwalaumu kwa urahisi, kwa kuwa mtu mwenye watoto nyumbani hangoji samaki akue.

Mwaka 1993 serikali ya Malawi ilianza kuunda kamati za vijiji vya pwani ili wavuvi washiriki kuitunza Malombe, na sheria ya uvuvi ya mwaka 1997 ikautambua ushirikiano wa namna hiyo. Wazo lilikuwa jema. Hata hivyo, katika vijiji kadhaa kamati zilijaa watu wasiovua, ilhali vibarua wanaovuta nyavu hawakuwa na sauti. Chambo hawakurudi kama walivyotarajiwa. Tukamkumbuka mzee: watu wale walitakiwa kulishika neno ambalo hawakushiriki kulitunga.

Soko lilitufundisha na jambo jingine lililotuaibisha. Usipa anafanana na ndagala machoni, lakini si ukoo mmoja. Dagaa wa Ziwa Viktoria naye ni mwingine, na dagaa wa baharini ni wengine tena. Neno letu sanifu, "dagaa", linawakusanya wote hao katika kapu moja, lakini "ndagala" la mzee liliwataja wale wa Tanganyika. Tulikuwa tumelikata neno lililo dhahiri zaidi na kuweka lisilo dhahiri. Na jambo hili si la daftari tu. Sheria ya uvuvi husimama juu ya majina: samaki gani, wavu gani, ukingo upi, mwezi upi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ziwa hilo ni la nchi nne, na samaki hawajui mpaka. Agizo kama hilo likitolewa kwa maneno ya ofisini pekee, mvuvi wa Rumonge, wa Kigoma au wa Uvira ataliona kama jambo la watu wengine.

Tuliporudi Dzaleka tulimwomba mzee aje darasani, safari hii kama mwalimu. Tuliandika ubaoni maneno aliyotupa, kila neno na maana yake, na kando yake neno sanifu pale lilipokuwapo. Kisha tukawauliza wanafunzi: kama ninyi mngekuwa kamati ya ziwa dogo, mngekataza nini, na mngewaambiaje wavuvi? Walibishana mpaka kengele ikalia. Yule msichana alisema kwamba kwanza angewauliza wavuvi siku za kupumzika wazitakazo, ndipo aiandike sheria. Babu yake alitazama chini, akatabasamu.

Walimu wenzetu, hatusemi kwamba lugha sanifu iachwe. Bila hiyo hata ukurasa huu usingesomeka kutoka Lilongwe hadi Lamu. Tunachosema ni kwamba kabla ya kulikata neno la mvuvi yatupasa kumwuliza linabeba nini, na maneno hayo tuyakusanye wakati wenyewe wangalipo. Sisi tulilitafuta daftari lile, na chini ya mstari wetu mwekundu tukaandika kwa wino ule ule: "Neno hili ni sahihi. Aliyekosea ni mwalimu."