Neno la Mtu ni Amana



Ndugu wazazi, mimi ni mkalimani wa simu hapa Uingereza. Nakaa nyumbani, nawafasiria madaktari na mawakili maneno ya Wabajuni wenzangu waliotoka Kismayu, Chula, Chovai na Koyama baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991. Watoto wangu husema, "Mama hafanyi kazi, anaongea na simu tu."

Juzi kampuni ilitutaka tuandike kila tunalolifanya kwa wiki moja. Nilidhani nitajaza mistari miwili: kusikiliza na kufasiri. Karatasi ikajaa.

Mgonjwa akisema mguu unamuuma, naomba ruhusa nimuulize ni wapi, kwani mguu wetu huanzia nyongani hadi vidoleni, na Waingereza wana maneno mawili. Akisema atakuja saa nane mchana, kwa hesabu yao ni saa mbili. Nikisahau, miadi imempotea.

Na jamaa ndio mtihani zaidi. Wakati mmoja (sitataja nani wala wapi) kijana alihojiwa juu ya ukoo wake. Alikwisha kusema baba yake ni marehemu. Kisha akasema baba yake mdogo yuko Kismayu, nami kwa haraka nikafasiri "baba yake". Afisa akauliza mbona maneno yanapingana. Moyo ulinienda mbio. Nikasema, "Kosa ni langu, si lake," nikaeleza kuwa baba mdogo ni ndugu wa baba. Ningenyamaza kwa kuogopa aibu, kijana yule angeonekana mwongo.

Katika karatasi ya kampuni hapakuwa na mstari wa kukiri kosa. Niliuongeza mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Watu walihesabu samaki aliowaleta, hawakuhesabu siku za kushona nyavu na kukalafati mashua. Kazi yangu nayo hulipwa kwa dakika za simu tu. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wenyewe, na neno la mtu ni amana.

Wazazi wenzangu, tuwaeleze watoto kazi zetu. Mimi niliwakalisha wangu nikawasomea ile karatasi, bila kutoa siri ya mtu. Sasa mlango ukifungwa, alhamdulillah, wananyamazishana wenyewe.

Wabillahi tawfiq.