Alisomea saikolojia, sasa anapanga mji

Kitindamimba wetu alipohitimu saikolojia, mama alitarajia kumwona akiwatibu watu. Wapi! Alifundisha kidogo, akauza bima, kisha akapata kibarua cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu ardhi. Hapo akanogewa, akarudi chuo kikuu kusomea uzamili wa mipango ya miji. "Karo tena?" mama akamaka.

Hapa Milimani, Nakuru, chini ya mlima Menengai, ploti kubwa za enzi ya mkoloni zinagawanywa na magorofa yanachipuka. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inawapa wakazi nafasi ya kutoa maoni kabla ya ujenzi kuidhinishwa. Mzee akipinga gorofa la jirani, ramani pekee haimtulizi. Pengine anahofia maji ya mvua kumwagikia uani mwake, au macho ya wapangaji dirishani. Dadangu humsikiliza kwanza, ndipo afungue ramani.

Siku hizi mama humwita "daktari wa ploti". Mzazi, mwanao akizunguka, usiharakishe kulia kwamba karo imepotea. Elimu haiozi.